Sikio Lenye Usaha Lisizoewe

Yako maradhi ambayo hupata heshima upesi, na yako mengine ambayo hudharauliwa mpaka yamekwisha kuharibu. Mtu akishikwa na homa kali, jamaa zake humpeleka kwa daktari siku ile ile. Akivunjika mguu, mashua hutafutwa hata usiku wa manane. Lakini sikio la mtoto likitoka usaha, watu husema, "Litakauka lenyewe", na pua ikiziba mwezi mzima husema, "Ni mafua tu." Uziwi haupigi hodi. Huingia polepole, mtoto akacheza na kula kama wenziwe, na siku utakapotambuliwa huenda umekwisha kukaa nyumbani miaka miwili au mitatu.

Jambo hili laonekana wazi katika kijiji cha Mbwajumali, kisiwani Pate, katika upande ule wa Faza na Kizingitini. Watu wa huko, Wabajuni au Watikuu kama waitwavyo, ni watu wa bahari tangu zamani. Musimu wa kaskazi ufikapo, yaani tangu mwezi wa Novemba hata Machi, maji hutulia na kuwa safi, na vijana hutoka kwenda kuwasaka kamba wa mawe katika miamba. Huzamia kwa pumzi zao tu, pasipo mtungi wa hewa, wakiwa na miwani ya kuzamia na fimbo. Wako wanaomfunga pweza katika ncha ya fimbo na kumwingiza pangoni, maana kamba humwogopa pweza kuliko amwogopavyo mtu, naye hutoka mbio mwenyewe. Kazi hii yataka ujuzi na moyo. Lakini kazi ya kuzamia huyadai masikio ushuru wake.

Palikuwa na mzamiaji mmoja wa Mbwajumali ambaye sikio lake la kushoto lilipasuka alipokuwa kijana. Alizamia akiwa na mafua, akasikia maumivu, akajikaza kwa kuwa kamba alikuwa amekwisha kumwona. Mara alisikia mlio ndani ya kichwa, maji ya baridi yakaingia, na bahari yote ikamzunguka hata asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Alitoka salama kwa kufuata mapovu yake mwenyewe. Sikio lilitoka damu, kisha maji, kisha usaha, hakulitibu. Baada ya miaka, binti yake wa miaka 7 alipoanza kutoka usaha katika sikio la kulia, kisha na la kushoto, baba hakushtuka. Alimwambia mkewe, "Masikio ya kwetu ndivyo yalivyo. Langu lilitoka maji, na mpaka leo nazamia."

Neno lile lilikuwa la upendo, maana alitaka kumtuliza mama wa mtoto. Lakini ndilo neno lililomchelewesha mtoto matibabu. Baba na binti hawakuwa na ugonjwa mmoja, wala haukuwa urithi wa jamaa. Ili kufahamu tofauti hiyo, yafaa kwanza kujua jinsi nyumba hii ya sikio, pua na koo ilivyojengwa.

Sikio lina vyumba vitatu. Chumba cha nje ni tundu lile lionekanalo, nalo hukomea kwenye kiwambo chembamba kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo ni chumba cha kati, chenye hewa na vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana sauti. Ndani zaidi ni chumba cha tatu, ambamo sauti hupokewa na kupelekwa katika ubongo, na ambamo pia mwili hujua kusimama bila kuyumba. Chumba cha kati si kisiwa peke yake. Kuna mrija mwembamba unaotoka humo na kufunguka nyuma ya pua, juu ya koo. Mtu amezapo mate au apigapo miayo, mrija hufunguka kidogo na hewa mpya huingia. Mlio ule mdogo usikiwao masikioni wakati wa kumeza ndio huo.

Pua nayo ina majirani zake. Ndani ya mifupa ya uso, katika paji, katika mashavu na kati ya macho, mna vyumba vya hewa vinavyoitwa sainasi. Kila kimoja kina kijitundu kinachofunguka katika pua. Basi pua ikivimba kwa mafua, au kwa vumbi, au kwa moshi, vijitundu huziba, ute hukosa njia, na mtu huona uso mzito, kichwa kinamgonga akiinama, na kamasi nzito ikimteremkia kooni. Mrija wa sikio ukiziba kadhalika, sikio hujaa. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mafua yake "yamepanda masikioni" hakukosea sana. Pua na sikio ni vyumba vya nyumba moja, na mlango ni mmoja.

Sasa hali ya mzamiaji yafahamika. Kila mtu ateremkapo majini, uzito wa maji humkandamiza. Katika kina cha mita 10 kandamizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na hewa iliyo nyuma ya kiwambo hujikunja hata kubaki nusu. Kama mrija uko wazi, hewa mpya huingia na kiwambo hubaki sawa. Kama umeziba kwa mafua, kiwambo huvutwa ndani, huuma, na mwisho hupasuka. Tena hatari haiko chini kabisa tu. Mita chache za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa, na wengi huumizwa hapo. Sainasi nazo zikiziba, ngozi yake ya ndani hutoa damu, na mzamiaji huibuka na damu katika miwani yake.

Dawa ya kuzuia ni nyepesi na ya zamani. Mtu huziba pua kwa vidole, hufunga mdomo, kisha husukuma pumzi kwa upole mpaka masikio yafunguke. Tabibu Antonio Valsalva wa Bologna, nchini Italia, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha sikio mwaka 1704, nayo hata leo yaitwa kwa jina lake. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba ya Uajemi walivaa kibanio cha puani, nacho kiliwasaidia katika jambo lilo hilo. Mzamiaji aanze kufungua masikio yake mapema, kabla hayajauma, na arudie kila anapoteremka kidogo. Yakikataa, apande juu. Asisukume kwa nguvu, wala asizibe tundu za masikio kwa pamba au nta, maana hewa iliyofungiwa kati ya kizibo na kiwambo huleta madhara yale yale. Na mwenye mafua asizamie. Kamba wa leo atakuwako kesho, lakini sikio lililopasuka huweza kumfanya mtu apoteze njia ya kurudi juu, na hapo si sikio tena lililo hatarini bali roho.

Kiwambo kilichopasuka hivyo, mara nyingi huziba chenyewe katika majuma machache au miezi miwili, mradi sikio lisiingie maji. Hilo ndilo alilokosa mzamiaji yule: alirudi baharini kabla ya juma kwisha, na tundu likabaki.

Habari ya binti yake ilikuwa nyingine. Watoto wadogo hupata ugonjwa wa chumba cha kati cha sikio kwa sababu mrija wao ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu sawasawa, kwa hiyo uchafu wa mafua hupita upesi. Tena nyuma ya pua mna tezi ambazo kwa watoto huwa kubwa na huweza kuziba mlango wa mrija. Usaha hukusanyika, mtoto hulia usiku na kushika sikio, homa hupanda. Kisha kiwambo hutoboka, usaha hutoka, na maumivu hupungua. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Huona maumivu yamekwisha, hudhani ugonjwa umekwisha. Kumbe tundu limebaki wazi, na kila maji yaingiapo, usaha huanza upya.

Katika nyumba ile usaha uliendelea karibu miaka miwili. Dawa zilijaribiwa, maana hakuna mama asiyejaribu. Jirani mmoja alileta mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mwingine maji ya kitunguu. Kila moja lilitiwa kwa nia njema, na kila moja liliongeza unyevu mahali palipohitaji kukauka. Wakati huo huo mtoto alianza kubadilika. Aliitwa hakuitika. Alitumwa chumvi akaleta sukari. Chuoni aliachwa nyuma na wenziwe katika kusoma kwa sauti, na shuleni aliambiwa kwamba haangalii kazi yake. Mama alimgombeza, na siku nyingine alimpiga kwa ukaidi.

Aliyeona jambo lenyewe ni mwalimu wake. Alitambua kwamba mtoto hujibu vema anapomtazama mwalimu mdomoni, lakini mwalimu akigeukia ubao, mtoto hujibu lisiloulizwa, au hunyamaza. Mwalimu akamwita mama, akamwomba ampeleke mtoto akatazamwe masikio. Mama akangoja maji yajae, maana huko safari hufuata maji, akapanda mashua na binti yake mpaka Lamu.

Tabibu alitazama kwa taa ndogo ya masikio, akasema naye nyuma ya mgongo kwa sauti ya kawaida, kisha kwa mnong'ono. Halafu akamwambia mama, "Mama, mtoto huyu si mkaidi. Hasikii." Mama alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Basi nimempiga kwa kosa lisilo lake." Tabibu hakumlaumu. Alimwonyesha kazi ya kufanya.

Kazi hiyo yafaa ijulikane na kila nyumba, kwa kuwa ni rahisi na ndiyo nusu ya dawa. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, ukisokote kiwe utambi laini. Nawa mikono. Uingize utambi sikioni taratibu, uuache mpaka ulowe, uutoe na kuutupa, kisha utie mwingine safi, mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo walau mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti wala unyoya, wala usiuache utambi ndani. Kama sikio limetoka usaha kwa siku 14 au zaidi, matabibu huongeza tone maalumu za dawa, zitiwazo baada ya sikio kukauka, kwa muda wa majuma mawili. Kama halijafikia siku 14, mara nyingi mtoto hupewa dawa ya kunywa, nayo yapasa imalizwe yote hata kama maumivu yamekwisha. Tone za dawa zilizobaki nyumbani tangu mwaka jana, au alizopewa jirani, zisitiwe: dawa nyingine zikipita katika tundu la kiwambo huweza kuharibu chumba cha ndani, na uziwi wa chumba hicho hauna kurudi. Kadhalika sindano za dawa kama gentamisini na streptomisini huokoa maisha zinapotolewa na tabibu kwa kipimo, lakini zaweza kudhuru masikio; si dawa za kununua ovyo.

Tena ziko dalili ambazo haziruhusu kungoja hata siku moja. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hata sikio likasukumwa mbele, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana pamoja na homa na kutapika, uso kupooza upande mmoja, au jicho kuvimba kwa mtu mwenye ugonjwa wa sainasi. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, maana ugonjwa waelekea ubongoni au jichoni.

Kwa habari ya pua na sainasi, watu wengi hutumia dawa nyingi kupita kiasi. Mafua ya kawaida, hata yenye kamasi ya manjano, hupona yenyewe katika siku 7 hadi 10, na dawa za kuua bakteria hazisaidii kitu. Dawa hizo hufikiriwa ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu, au mtu alianza kupona kisha akazidiwa tena, au ana homa kali na maumivu makubwa ya uso. Lililo jema nyumbani ni kuosha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe kikubwa cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya kisima au ya jabia yasitumike bila kuchemshwa. Kujifukiza kwa mvuke huwapa wengine raha ya muda, lakini watoto wameungua vibaya kwa vyungu vya maji ya moto, afadhali waachwe. Tone za kufungua pua zinazouzwa madukani zisipite siku tano, maana zikizoeleka pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Na mtu apigaye chafya kila asubuhi, pua ikimwasha na kutiririka maji mwezi baada ya mwezi, yamkini hana mafua bali mwili wake hauvumilii vumbi au kitu kingine. Huyo ana dawa zake za kupuliza puani, naye aonane na tabibu.

Muhina, yaani damu ya puani, nao una desturi mbaya ya kumlaza mgonjwa chali. Akilala, damu humwingia kooni na tumboni akatapika. Aketi, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole muda wa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, apumue kwa mdomo. Isipokoma, apelekwe hospitali.

Nta ya masikio pia yadhulumiwa. Si uchafu, ni ulinzi, nayo hutoka yenyewe. Njiti ya kiberiti na kibanio cha nywele huisukuma ndani na kukwaruza ngozi. Ikiziba, tabibu hulainisha na kuiosha, baada ya kuhakikisha kwamba kiwambo ni kizima. Na mtoto atokaye kamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza ushanga au mbegu, apelekwe ikatolewe. Kama alichoingiza, puani au sikioni, ni betri ndogo ya duara ya saa, asingojewe hata saa moja, maana huunguza nyama.

Juu ya yote haya, kuzuia ni bora kuliko kutibu. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza humkinga mtoto. Chupa anyweshwe akiwa ameinuliwa kichwa, si akiwa amelala chali. Chanjo ya surua, na chanjo ya pneumokoka iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011, huzuia maradhi yanayoharibu masikio. Moshi wa tumbaku usiwe chumbani mwa mtoto, na jiko la kuni liwekwe mahali penye njia ya moshi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Na lilikadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa.

Huenda mtu akasema kwamba madaktari wa masikio wako Mombasa na Nairobi, si visiwani. Ni kweli kwamba kazi ya kuziba kiwambo kwa kupasuliwa yataka hospitali kubwa. Lakini nchini Kenya wako pia matabibu waliosomea hasa masikio, pua na koo, wasio madaktari wa kupasua, nao hutibu sehemu kubwa ya wagonjwa hawa. Na njia ya kwao huanzia katika zahanati iliyo karibu. Utambi wa kitambaa hauhitaji mashua.

Mama yule alikausha masikio ya binti yake asubuhi, adhuhuri na jioni. Baba aliketi akitazama, na siku ya tatu akashika taa. Usaha ulikoma kabla ya majuma mawili kutimia. Sikio la kulia lilipona vema. Katika la kushoto tundu lilibaki, na tabibu alisema litazamwe tena, pengine lizibwe Mombasa atakapokuwa mkubwa kidogo. Hata wakati huo asioge baharini bila ruhusa. Shuleni aliketishwa mbele, upande ambao sikio lake zuri laelekea mwalimu, na kabla ya mwaka kwisha alisoma kwa sauti pamoja na wenziwe. Baba naye alikubali kutazamwa. Aliambiwa kwamba sikio lake halitarudi kama lilivyokuwa, na kwamba kuzamia nalo ni hatari kila mara. Aliwaachia vijana kuzamia, akabaki na usukani. Na kijana mwenye mafua hakumruhusu kuteremka chomboni kuingia majini, hata bahari ikiwa shwari na kamba wakiwa wengi.

Basi kila mzazi na amwite mtoto wake kwa nyuma, kwa sauti ndogo, na kuangalia kama atageuka. Asipogeuka mara ya kwanza na ya pili, asitafutiwe fimbo. Atafutiwe tabibu.